Mgongo wa Mlima Meru baada ya Rhino Point, mtu anayeogopa kimo anapita kweli?

MamaPili_Dar

Wakuu habari za leo. Naomba mawazo ya watu waliopanda Meru wenyewe kwa miguu yao. Mwezi wa nane tunaenda watu sita wa ofisini, siku nne, kuanzia geti la Momella hadi kileleni, na tumeshaanza kulipa kidogo kidogo. Mimi mlimani sio mgeni, mwaka juzi nilifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, pale Gilman's karibu na kilele nilitapika lakini nikaendelea nikafika. Kwa hiyo pumzi na miguu havinitishi sana. Kinachonitisha ni kuangalia chini. Nikisimama ghorofa ya tano kwenye kibaraza chenye ukuta mfupi magoti yanalegea, viganja vinatoa jasho na mwili unakuwa kama kuna kitu kinauvuta kule nje. Marangu haikunisumbua kwa sababu njia ni pana, ukianguka unaanguka hapo hapo ulipo.

Sasa juzi jamaa mmoja katuma kwenye grupu picha za ule mgongo wa Meru, kale kanjia ka rangi ya majivu, upande mmoja mteremko na upande mwingine shimo mpaka chini kabisa. Usiku ule sikulala vizuri. Nataka kujua njia ina upana gani hasa, kuna pa kushika au hakuna, na ile kupita usiku inasaidia au inaharibu? Na nikiganda katikati inakuwaje, naweza kurudi bila kuwaharibia wenzangu safari? Naomba msinijibu jipe moyo utaweza, nina watoto wawili, nataka kuambiwa palivyo.

Mgumu_UsaRiver

Habari dada. Mimi napeleka wageni Meru, nilianza kwa kubeba mizigo miaka mingi kabla sijapata leseni ya kuongoza, ule mgongo nimeupita mara ambazo siwezi kuhesabu. Nakueleza kama mtu anavyouona akiwa na taa kichwani.

Saddle Hut, kambi ya mwisho ya kulala kabla ya kilele, iko kama mita 3,570. Mnaamshwa, mnakunywa chai na biskuti, saa saba au saa nane usiku mnaondoka. Saa nzima ya mwanzo ni kupanda kwa kona kona kwenye vichaka na mchanga hadi Rhino Point, mita 3,800 hivi, jina lilitokana na mifupa ya kifaru iliyokutwa pale. Mpaka hapo hakuna cha kukutisha hata kidogo. Ukitoka Rhino njia inashuka, wageni wengi wanashangaa mbona tunashuka wakati kilele kiko juu, na huko chini ndiko kuna ule mwamba ambao watu wanausimulia. Mwamba umelala kimshazari na unauvuka kwa pembeni, mikono iko kwenye jiwe na mguu unautafutia pa kukanyaga. Huning'inii popote, wala kamba hufungwi, ila sio mahali pa kupita huku unaongea na mwenzako. Ni padogo. Mtu aliyetulia anapamaliza haraka, na mtu anayetetemeka naye anapamaliza, ila namshikia mguu mmoja mmoja namwambia weka hapa, sasa huu weka hapa.

Baada ya hapo ni majivu na changarawe kwa muda mrefu, na hapo ndipo unaposikia huu mlima uliwahi kupasuka. Zamani Meru ilikuwa duara zima, karibu miaka 8,000 iliyopita upande wote wa mashariki ukaporomoka, kilichobaki ni kama kiatu cha farasi na sisi tunatembea juu ya ukingo wake. Ukiwa unapanda, kreta, yaani shimo la volkano, iko kushoto kwako na mteremko wa nje uko kulia. Wa kulia ni mkali lakini ni mteremko, kushoto ni genge, ukuta unashuka zaidi ya kilomita moja, na kule chini kuna kilima cha majivu kinaitwa Ash Cone ambacho chenyewe kina mita 3,667. Kitu ambacho picha hazionyeshi ni kwamba sehemu nyingi njia haipiti kwenye ncha yenyewe, inapita upande wa nje chini kidogo ya ukingo, kwa hiyo shimo hulioni. Halafu kuna mahali inakurudisha ukingoni kabisa, unatembea pale dakika kadhaa, inakutoa tena. Hivyo hivyo mpaka Cobra Point, mita 4,350, na kutoka pale ni mawe makubwa, unapanda kwa mikono na miguu mpaka kwenye bango la Socialist Peak, mita 4,562, sisi wenyewe tunapaita Kilele cha Ujamaa.

Kuhusu usiku. Ndiyo, giza linasaidia wakati wa kupanda, unaona duara la taa yako na kisigino cha aliye mbele, basi. Lakini nikwambie ukweli dada yangu, wageni wanaoganda, wengi wao hawagandi usiku. Wanaganda saa mbili asubuhi wakati wa kurudi. Wamefika kileleni, wamepiga picha, wamefurahi, jua limetoka, wamechoka, halafu wanageuka wanaona walipopita. Hapo ndipo mtu ananiambia hivi kweli tulipita hapa? Kwa hiyo ukijiuliza kama utaweza, usijiulize kuhusu kupanda. Jiulize kuhusu kurudi ukiwa umechoka na macho yanaona kila kitu.

Kidevu255

Dada mbona rahisi, usiangalie chini tu. Mimi nilipita na buti za kazini na wazungu wa miaka 60 wanapita kila siku. Hofu iko kichwani.

Mgumu_UsaRiver

Kaka naheshimu kwamba wewe ulipita vizuri, ila huo ushauri usimpe mtu. Kwenye Meru huwezi kuacha kuangalia chini kwa sababu unahitaji kuona mguu unakanyaga wapi, changarawe ile inateleza kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Mtu anayejilazimisha kuangalia mbele tu ndiye anayejikwaa. Tunachowafundisha wageni ni kuangalia hatua tatu za mbele, macho yasitoke nje ya njia, na ukitaka kutazama mandhari unasimama kwanza, miguu yote miwili imetulia, ndio unainua kichwa. Kutembea na kutazama ni vitu viwili, usivifanye kwa pamoja.

Nasra_kutoka_Tanga

Dada MamaPili mimi ndiye yule mtu wa saa mbili asubuhi anayesemwa hapo juu, na nilipoisoma hiyo post machozi yamenilenga.

Nilienda mwaka jana mwezi wa saba. Kupanda sikuwa na neno, baridi tu, glavu zangu zilikuwa za sufi zikalowa kwenye mawe yenye umande ulioganda, vidole nikawa sivisikii. Kileleni tulifika jua linachomoza, Kilimanjaro iko ng'ambo kule juu ya mawingu, iko kama kilomita 70 lakini unaona kama unaweza kuigusa, nililia kwa furaha nikampigia mama yangu simu, mtandao ulishika kidogo ukakata. Tulikaa kule juu muda mrefu kuliko tulivyotakiwa, hilo najua sasa.

Kurudi, tulipopita Cobra Point, kuna mahali njia inakaa ukingoni, mkono wa kulia sasa ndio kreta kwa sababu umegeuka. Mwenzangu wa mbele alipiga jiwe kwa bahati mbaya, jiwe dogo tu kama yai, likaenda kulia. Nikalisikia likigonga mara moja, mara ya pili, halafu kimya. Nikasubiri lifike chini, sikusikia kitu. Hapo ndipo miguu yangu ilipokataa. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu nikashika chini kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyeko kwenye mashua, na nikawa siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na wenzangu wameshatangulia kwa sababu tulikuwa na mwongozaji mmoja tu na askari wa hifadhi, mwongozaji yuko mbele na wenye haraka. Kampuni niliyoenda nayo siitaji hapa, lakini tulikuwa watu saba na waliniambia mmoja anatosha.

Aliyenitoa ni yule askari. Mtu mzima, mpole, bunduki iko mgongoni. Hakunivuta. Alikaa chini na yeye, upande wa kreta, yaani alijiweka kati yangu na shimo, akaanza kuniuliza kwetu Tanga wapi, akaniuliza kama kweli machungwa ya Muheza yanazidi ya wengine. Tulikaa dakika kama kumi. Halafu akasema mama tutasogea kwa kukaa kwanza, tukasogea tumekaa mpaka njia ilipotoka ukingoni, ndio tukasimama. Kutoka pale mpaka Rhino alitembea upande wa kreta kila panapowezekana na mimi nimeshika mkanda wa begi lake. Kwenye mwamba alishuka yeye kwanza akaniwekea mkono chini ya kisigino.

Nilifika salama, na kama ningeulizwa leo ningeenda tena, ila ningefanya tofauti mambo mawili. Ningekataa kupanda bila mwongozaji wa pili, na ningeondoka kileleni mapema nikiwa bado na nguvu. Hofu yangu iliongezeka maradufu kwa sababu nilikuwa na njaa na nimechoka.

Mgumu_UsaRiver

Dada Nasra pole sana na hongera. Na hilo la mwongozaji wa pili naomba kila mtu alisome mara mbili. Sheria ya hifadhi ni mwende na askari mwenye silaha, kwa sababu chini kule kuna nyati na tembo, kwa hiyo hakuna mtu anaruhusiwa kurudi peke yake. Sasa fikiria mko sita, mmoja anataka kurudi kutoka Rhino Point, mwongozaji ni mmoja. Ama wote mnarudi, ama yule mmoja analazimishwa kuendelea huku hataki, na hapo ndipo ajali zinapotafutwa. Kabla hamjamaliza kulipa, dada MamaPili, waulizeni kampuni yenu tuko sita, waongozaji wangapi usiku wa kileleni? Wakisema mmoja, ongezeni wa pili hata kwa kuchangishana. Ukishakuwa naye, swali lako la kuwaharibia wenzako linakuwa limekwisha, wewe unarudi na mmoja, wao wanaendelea.

Tabibu_Moshi

Naongezea upande wa afya maana kwenye mgongo kama ule hofu na ugonjwa wa mwinuko vinafanana na watu wanachanganya. Pale mita 4,500 hewa imepungua, oksijeni unayopata kwa kila pumzi ni chini kidogo ya asilimia 60 ya ile ya Dar. Kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, jasho, vyote vinaweza kuwa hofu na vyote vinaweza kuwa mlima.

Mimi wagonjwa wangu nawaambia hivi. Kaa chini, shika jiwe, pumua taratibu dakika tano. Hofu inashuka ukikaa mahali unapojisikia salama. Ugonjwa wa mwinuko haushuki kwa kukaa, unashuka kwa wewe kushuka mlima. Kama umekaa na kichwa bado kinagonga vibaya, au ukisimama unayumba kama mlevi, mwambie mwongozaji mara moja. Kuna kipimo rahisi, mtembeze mtu kwenye mstari ulionyooka, kisigino kinagusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Kifanyieni kabla ya kuingia kwenye mwamba, pale Rhino ambapo pana nafasi, maana mtu anayeyumba hatakiwi kabisa kuingia mle. Anayepumua kwa shida hata akiwa amepumzika, au anayekohoa makohozi yenye povu, huyo anateremshwa usiku huo huo, hasubiri asubuhi.

Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inasaidia wengi, kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini onana na daktari wako kwanza, hasa kama uliwahi kubabuka ngozi kwa dawa za salfa, zile SP za malaria kwa mfano. Itakufanya ukojoe mara kwa mara na vidole vichome chome, usishtuke. Na vidonge vya usingizi pamoja na dawa za kutuliza wasiwasi usinywe kule juu hata kama mtu atakupa kwa nia njema, vinapunguza upumuaji na vinalegeza miguu, mgongo ule unahitaji miguu.

Mwaka juzi kufika Uhuru sio kinga dada. Mwili haukumbuki, kila safari inaanza upya.

Kamau_wa_Naivasha

Habari zenu ndugu wa Tanzania, nimefuatilia hii thread tangu asubuhi. Meru sijafika bado, lakini ugonjwa wa kuogopa kimo naujua kwa sababu nilikuwa nao, mbaya sana, hata ngazi ya kupaka rangi nyumba nilikuwa sipandi zaidi ya vidato vitatu. Kilichonisaidia ni Longonot, mlima wa volkano huku kwetu Kenya. Kama dada anaweza kupata wikendi mbili avuke mpaka aje, itakuwa mazoezi mazuri kuliko ngazi za ghorofa. Unapanda kutoka geti mpaka ukingo wa kreta, halafu kuna njia ya kuzunguka ukingo wote, kama kilomita saba, inapitia kilele chenyewe ambacho kiko mita 2,776. Ni vumbi la volkano, inateleza, kuna sehemu nyembamba kreta iko upande mmoja, lakini shimo lake lina msitu chini, sio kama hilo genge mnalosema la Meru, na uko chini vya kutosha kichwa hakiumi. Yaani unapata hofu peke yake bila mlima kuichanganya.

Mara ya kwanza nilirudi nikiwa nimeuona ukingo tu, sikuzunguka. Ya pili nikaenda robo. Ya tatu nikamaliza. Sikuwa nimekuwa mtu mwingine, hofu ilikuwepo, ila mwili ulikuwa umeshaona kwamba hofu inapanda mpaka mahali fulani halafu inachoka yenyewe kama mtoto anayelia. Baada ya hapo nimeenda Point Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, na kule juu juu kuna mawe na baridi ya kutosha, nikapita.

Na ushauri wa fimbo. Za kutembelea ni nzuri sana kwa kushuka kwenye changarawe, lakini ukifika kwenye mwamba zikunje uziweke kwenye begi. Niliona mtu fimbo imening'inia kwenye mkono ikaingia katikati ya miguu yake.

Juma_Uswisi

Mimi niko huku Uswisi mwaka wa kumi na moja, natembea milimani karibu kila wikendi ya kiangazi, na Meru nilipanda nilipokuja likizo. Huku njia zimepewa rangi, vibao vya njano ni njia za kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe ni za mlima ambapo unatakiwa usiwe na hofu ya kimo na uwe na viatu vizuri, nyeupe-bluu-nyeupe ni za juu kabisa, mikono inatumika na mengine ya hatari. Kwa kipimo cha huku, mgongo wa Meru kwa sehemu kubwa ningeupa nyekundu ya mwishoni, na ule mwamba na mawe ya mwisho yanagusa bluu kidogo. Kwa hiyo dada usidanganywe kwamba ni matembezi, na pia usidanganywe kwamba unahitaji kuwa mpanda miamba.

Kinachoifanya Meru iwe nzito kuliko njia nyingi za huku ni mpangilio wake. Huku mgongo wa namna hiyo ningeupita saa nne asubuhi nimeshiba usingizi. Meru unaupita usiku kwenye hewa nyembamba, halafu unaurudia, halafu siku hiyo hiyo unateremka mpaka Miriakamba iliyo mita 2,514, yaani unashuka zaidi ya mita 2,000 kwa siku moja. Umefanya vizuri kuchukua siku nne, wale wa siku tatu wanateremka mpaka getini kabisa magoti yanawaka moto.

Upepo nao usiusahau, pale Cobra unapiga. Koti lisiwe pana likakusukuma, na kofia ya mvua isikuzibe macho pembeni. Na mkisikia radi mkiwa mgongoni mnashuka, hakuna kujadiliana, hata kama kilele kimebaki mita mia. Mwezi wa nane ni kiangazi haitawapata sana lakini kuna watu wanasoma hapa watakaoenda mwezi wa tatu.

MamaPili_Dar

Jamani sikujua nitapata majibu ya namna hii, Mungu awabariki. Nimeisoma ya dada Nasra mara tatu, ya lile jiwe ndio hasa ninachokiogopa, kusikia kimya. Dada asante kwa kuniambia, maana picha hazisemi hivyo, na huyo askari aliyekaa upande wa shimo nimemuombea dua.

Nimeongea na wenzangu jana, kampuni walisema mwongozaji mmoja, tumewabana wakakubali wa pili tukiongeza, tumechanga. Longonot kaka Kamau sidhani kama nitaweza kwa ruhusa za kazini, kuna mahali pa Tanzania panapofanana?

Swali la mwisho kwa kaka Mgumu. Je kuna namna ya kuuona ule mwamba mchana kabla ya usiku wenyewe? Naona kitu kinachoniua ni kutokujua. Nikikiona kwa macho nikiwa sijachoka nadhani nitaamua vizuri kuliko kuamua saa tisa usiku watu watano wamenizunguka na taa zao.

Mgumu_UsaRiver

Dada umeuliza swali zuri na ipo njia. Siku ya pili mtatoka Miriakamba asubuhi, mtapita Topela Mbogo, mtapanda Mgongo wa Tembo, mkienda vizuri mchana mko Saddle Hut. Mchana huo kawaida watu wanapelekwa Little Meru, kilele kidogo cha jirani, mita 3,820, ni kama saa moja kupanda, pazuri sana, unaona ukingo wote wa kreta mpaka kilele umejipanga mbele yako. Hiyo nenda, inasaidia mwili kuzoea. Lakini waombe mwongozaji na askari jioni mapema, kabla mawingu hayajafunga, mmoja akupeleke Rhino Point, ni saa moja nyingine, ushuke chini kidogo uuone mwamba, uushike, uuvuke mara moja uende urudi. Kama nguvu haitoshi kwa yote mawili, chagua Rhino uache Little Meru. Sio wote wanakubali, wapo watakaosema mtachoka, kwa hiyo liweke wazi kabla hamjaondoka Arusha.

Halafu ukirudi pale kambini, keti ule wali wako, ujiulize tu, huu mwamba nitaupita kesho saa mbili asubuhi nikiwa nimechoka? Ukisema hapana, Little Meru unaweza kwenda alfajiri ukaona jua linatokea Kilimanjaro bila kukanyaga mgongo. Nimekaa pale na wageni kadhaa walioamua hivyo, tunakunywa chai ya tangawizi kwenye themosi, na taa za wenzao tunaziona kule ukingoni zinasogea moja moja.

Mazoezi ya huku kwetu, Mlima Hanang. Mita 3,400 na kitu, unapandia Katesh kwa njia ya Jorodom, kuna mgongo mwembamba kule juu kabla ya kilele, na ni siku moja. Tafuta mwongozaji wa pale pale Katesh, na usiende kipindi cha mvua, kwenye mgongo ule utelezi ni mbaya.

Nasra_kutoka_Tanga

Dada Hanang ukienda niambie, nije. Mgongo nao nataka niuzoee tena kabla sijarudi Meru.

MamaPili_Dar

Dada Nasra nimekutumia ujumbe pembeni. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, nitapanda basi la Singida nishukie pale njia panda. Glavu nimeshanunua mbili, za ndani na za juu za kuzuia maji.